Kabla hujabonyeza rekodi: mambo ya kuangalia kwanza ukitaka kufanya kava

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna wimbo nilikuwa naupenda sana, sitautaja, nikataka kufanya kava yake, yaani kuuimba upya mwenyewe, nikadanlodi biti yake, ule muziki usio na sauti ya muimbaji, nikajifungia chumbani huku Temeke saa nne usiku, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaanza. Ubeti wa kwanza poa, wa pili poa, nikaanza kujiona, kiitikio kilipofika ile nota ya juu ikatoka kama mlango wa kabati ambao haujawahi kutiwa mafuta. Nikarudia, nikarudia tena, nikafika mara ya tisa, asubuhi naongea kama mtu aliyetoka kushangilia dabi, na mtoto wa jirani akinipita koridoni anaiga ile kelele, tena yeye anaipata vizuri kuliko mimi.

Nilidhani shida ni sauti. Kumbe sikuwa nimepima chochote, nilichukua kii ya mwenye wimbo, yaani kimo alichouweka yeye, juu au chini, nikaivaa kama shati la mtumba bila kuangalia saizi, na hili ndilo linaua kava nyingi za sisi wa nyumbani hata kabla maiki haijawashwa.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuijua sauti yako, na hapa naomba tuachane na ile habari ya "mimi nina oktavu nne" (oktavu moja ni kutoka do mpaka do inayofuata). Kila mahali wanapokutana waimbaji lazima atokee mmoja wa oktavu nne, ukimwambia aimbe anakutolea mlio mmoja wa chini kama jenereta na mwingine wa juu kama filimbi ya refa, hapo katikati hakuna wimbo. Nota unayoigusa mara moja kwa bahati siyo yako. Yako ni ile unayoweza kuimba na maneno ndani yake, kwa sauti ya kawaida, teki ya tatu mfululizo (teki ni kuimba mara moja ukirekodi), na bado uso haujakunjamana. Namna ya kuipima ni rahisi, danlodi apu ya piano ya bure, anza kwenye nota unayoongelea kila siku, shuka moja moja ukiimba neno lolote, "baba baba" inatosha, mpaka sauti igeuke pumzi tupu, hiyo ya mwisho usiihesabu, ihesabu ile kabla yake. Kisha panda vilevile mpaka usikie koo linaanza kushika, au kidevu kinaanza kunyanyuka kama unachungulia ukuta wa jirani, rudi nyuma nota moja, andika. Fanya siku mbili tatu tofauti maana sauti ya asubuhi ina besi nyingi inayokudanganya, saa sita mchana haipo tena. Mimi nikipima kwa uaminifu naanzia A2 naishia F♯4 (herufi ni jina la nota, namba ni oktavu yake kwenye piano, namba ikipanda na sauti inapanda), zaidi ya hapo nahamia sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Siyo nyingi, na watu wengi tu ambao hawajafundishwa wanacheza humohumo, oktavu moja na nusu mpaka mbili.

Cha pili, upime wimbo wenyewe, na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Sikiliza wote na penseli mkononi, tafuta nota ya chini kabisa na ya juu kabisa, lakini zaidi ya hayo angalia wimbo unashinda wapi. Wimbo unaogusa juu mara moja kisha ukashuka ni tofauti kabisa na ule ambao kiitikio kizima kinaning'inia juu, huo wa pili hata kama nota zake zote unazo utachoka. Ile A4 iliyonishinda ni A ya 440, maana yake nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja, sasa mwanaume wa sauti ya kati akae hapo mistari minne mizima, mara tatu kwenye wimbo, lazima kitu kikauke.

Nilipopiga hesabu baadaye, wimbo ulikuwa unaanzia B2 unaishia A4, nusu toni 22 (nusu toni ni hatua ya kitufe kimoja cha piano mpaka kinachofuata, vyeupe na vyeusi). Mimi nina 21. Nikasema basi nashusha tatu, juu ikawa F♯4, safi, kiitikio nakiimba huku natabasamu, ila ubeti wa kwanza ukaenda G♯2, na pale chini simu haikusikia kitu, unasikia tu mtu anapumua kwa huzuni. Nikarudi nikashusha mbili badala ya tatu. Chini ikakaa A2 ambayo ninayo, juu ikawa G4 ambayo kwa nguvu siiwezi, nikaiimba kwa falseto laini, ile sauti nyepesi ya juu, na washkaji wangu wawili walioisikia walisema pale ndipo pazuri kuliko pote. Ukishusha, kagua ncha zote mbili, wengi wanakagua ya juu tu.

Kuna watu wakisikia "shusha kii" wanaona kama umekubali kushindwa, umeikosea heshima orijino. Mtu aliyepita kwaya hawezi kuwaza hivyo. Kwenye karatasi ya nota za do re mi pale juu pameandikwa Do ni G, mwalimu anaanzisha, anaona wa sauti ya kwanza wameshika shingo na sauti ya tatu wanatazamana, anakata, anasema "tushushe kidogo, do yetu leo ni F", watu wanaendelea kama hakijatokea kitu. Wimbo ni uleule, do imehama. Na angalia Malaika, Fadhili William wa Kenya aliuimba, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo naye akaja nao, wanaume kwa wanawake, kila koo na mahali pake, na hatujasikia mtu analalamika kwamba fulani kahamisha kii.

Dada zangu mnaoimba nyimbo za wanaume mna mtego wenu hapa. Ukiuimba palepale alipo yeye unazama, ukiupandisha oktavu nzima unapaa, kwa hiyo msiamue kati ya hayo mawili tu. Mara nyingi jibu liko katikati, unahamisha kii nusu toni nne, tano, hata saba, jaribu moja moja mpaka ubeti ukae kwenye sauti unayoongelea. Kaka anayeimba wimbo wa dada ni hivyohivyo, kwa upande wake.

Kwenye kuhamisha, kama unapiga gitaa mwenyewe kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, inapandisha tu, freti moja nusu toni moja, haishushi, ukitaka kushusha badilisha kodi (nota zinazopigwa pamoja), wimbo wa A ukishuka mbili unapiga za G, basi. Kama unatumia biti ya kudanlodi, Audacity ni programu ya kompyuta ya bure na inabadilisha kii bila kubadilisha spidi. Mbili tatu hivi biti inavumilia, ukizidisha ngoma zinaanza kulia kama zimefungiwa kwenye ndoo, hapo bora umtafute mtu akupigie kinanda upya.

Ukishapata kii usikimbilie kurekodi, kaa na maneno. Kuna kitu hatuambiwi sana sisi tunaoimba Kiswahili, lugha yetu karibu kila silabi inaisha na vokali, ni zawadi kubwa maana sauti ina pa kukaa, lakini vokali siyo sawa zote. Nota ya juu ikiangukia kwenye "a", kama "mama", mdomo umefunguka wenyewe, sauti inatoka. Ikiangukia kwenye "i" au "u", mfano "mimi" au "huku", mdomo mwembamba, ulimi umepanda, koo linabana. Kwangu ilikuwa hasa neno "mimi", silabi ya mwisho, ndiyo ilikuwa inapasuka. Nilichofundishwa kwaya ni kwamba ukiwa juu ile "i" ielekeze kidogo kwenye "e", siyo uimbe "mime", hapana, fikiria tu "e" huku unatamka "i", taya lishuke upana wa kidole. Msikilizaji bado anasikia "mimi", wewe umepata nafasi. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, utaona.

Weka na alama za kupumua kabisa kwenye karatasi, mkwaju mdogo (/) mahali ambapo sentensi inaruhusu. Ukiacha pumzi ijipange yenyewe itakuja katikati ya neno, "nakupe... nda", na ukishairekodi hivyo ukisikiliza hutasikia kitu kingine chochote.

Halafu suala la kumuiga mwenye wimbo. Wewe siyo yeye, na ile kwaruzo yake ya pembeni ya sauti ukiilazimisha na koo ambalo halijazoea utaumia. Chukua melodi, chukua maneno, rangi ya sauti tumia yako. Hii naisema najua kuna watakaobisha, kwamba mazoezi yanaanza kwa kuiga, sawa, iga ukiwa unafanya mazoezi, siyo siku ya kurekodi.

Koo lenyewe sasa. Kila bibi ana dawa yake, tangawizi ya kutafuna, asali na ndimu, mayai mabichi, mimi sigombani na bibi wa mtu ila mayai mabichi niliacha. Kitu cha kuelewa ni kwamba unachokunywa hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula, kingepita pale ungepaliwa. Maji yanasaidia kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo anza kunywa tangu asubuhi, lita nzima dakika tano kabla ya kurekodi itakupa mbio za chooni tu. Pipi za koo zile za kupoza na kutia ganzi usizitumie ili uweze kuimba, maumivu ni taarifa, ukiyazima unaendelea kuumiza bila kujua. Na kama umekauka usinong'one ukidhani unapumzika, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha, kaa kimya kabisa. Ukikaa na sauti ya kukwaruza wiki tatu nne bila sababu, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Kupasha sauti dakika kumi. Ninachofanya ni kile cha midomo kama mtoto anayeigiza pikipiki, brrrr, nikipanda na kushuka taratibu, au kuimba melodi nzima ndani ya mrija wa soda. Mrija unachekesha, najua, lakini ule upinzani mdogo wa hewa unazisaidia nyuzi kukutana bila kugongana kwa nguvu. Ukiimba wimbo wote kupitia mrija mara mbili, ukiutoa unashangaa juu pamefunguka.

Haki nazipitia haraka. Mtunzi ana haki yake kwenye wimbo, na rekodi ile iliyotoka studio ina haki nyingine tofauti, kwa hiyo kutumia biti ileile ya orijino na kupiga upya mwenyewe siyo jambo moja. Ukipandisha YouTube mfumo wao unaweza kuitambua, na hela ya matangazo ikaenda kwa mwenyewe. Ukitaka kuuza omba ruhusa kwanza, kwa Tanzania unaweza kuanza kwa kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Andika pia jina la mtunzi, na hakikisha ni mtunzi kweli siyo muimbaji tu, hiyo Malaika yenyewe watu bado wanavutana nani hasa aliitunga.

Vifaa siyo vingi. Hedifoni iwe ya waya, hili halina mjadala, za Bluetooth zinachelewesha sauti, inaweza kufika hata milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde, utaimba nyuma ya biti wimbo mzima halafu ulaumu masikio yako. Simu au maiki iwe umbali wa shibiri moja na mdomo, na uigeuze pembeni kidogo ili "p" na "b" zisiipige usoni. Kabla ya chochote rekodi kiitikio peke yake, pale unapoimba kwa nguvu kuliko pote, uangalie kama mstari wa sauti unagonga juu, kama unagonga punguza, maana iliyopasuka haitengenezeki, iliyo ndogo inaongezwa. Wengi wanaseti kwa ubeti wa kwanza wenye upole, kiitikio kikija kila kitu chekundu.

Ukianza, imba wimbo mzima mwanzo mpaka mwisho walau teki tatu kabla hujaanza kukata mstari mstari. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri hakukuwa na kurudi nyuma kurekebisha neno moja, mnaimba wote pamoja mpaka upande wa santuri uishe, na hiyo nidhamu ya kuujua wimbo wote kichwani inasikika. Ukitegemea kukata na kuunga, kila mstari utakuwa na mtu tofauti.

Chumba, epuka chenye ukuta mtupu na vigae. Mimi naimba nimegeukia kabati la nguo lililofunguliwa, godoro nyuma yangu, khanga mbili dirishani. Joto, ndiyo. Bati likianza kupigwa na mvua acha, kalale. Jua ratiba ya mtaa wako pia, adhana, jogoo, bodaboda ya jamaa anayerudi saa tano, vyote vina muda wake. Na zima feni, teki mbili nzuri nimezipoteza kwa ajili ya feni. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, G4 imekaa, "mimi" imekaa, pumzi mahali pake, halafu kwenye mstari wa mwisho ikapita baiskeli ya aiskrimu na kale kamuziki kake, kako kii nyingine kabisa.