Somo: Kumjengea kijana fikra tunduizi kwa mahojiano kuhusu tofauti za utamaduni

Kijana wa miaka 14 hahitaji kuhubiriwa kwamba watu hutofautiana. Analijua hilo. Asichokijua ni namna ya kuyapima maneno ya mtu aliyeketi mbele yake, na hapo ndipo mahojiano yanapofaa.

Hatua ya 1. Kabla ya kukutana na mhojiwa, kijana aandike sentensi tatu zinazoanza na "Nadhani watu wa kwao huwa..." Karatasi ikunjwe, isisomwe na yeyote, hata wewe. Ukiisahihisha mapema atakuandikia unachopenda kusikia.

Hatua ya 2. Tafuteni mhojiwa. Anayefaa zaidi ni aliyeishi katika tamaduni mbili, maana amewahi kukosea akarekebishwa. Aombwe ruhusa, na aambiwe kwamba anaweza kukataa swali lolote.

Hatua ya 3. Maswali. Hapa msiwe na haraka. "Kwa nini nyinyi hamtazamani machoni?" ni hukumu iliyovaa joho la swali: inamfanya mtu mmoja msemaji wa umma mzima, tena kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Ligeuzeni: "Nisimulie siku ulipozungumza na mtu mkashindwa kuelewana. Ilikuwaje?" Tukio litangulie, "kwa nini" ifuate mwishoni. Kila kijana aandike maswali kumi, ampe mwenzake ayapigie mstari maneno "nyinyi", "wote" na "daima". Vijana hushtuka wakiiona mistari ilivyo mingi.

Hatua ya 4. Daftari ligawanywe safu mbili. Kushoto: niliyoyasikia na kuyaona. Kulia: niliyoyaelewa. "Alinyamaza kitambo" inakaa kushoto; "alikasirika" inakaa kulia. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, chagua hii.

Hatua ya 5. Mhojiwa wa pili, wa utamaduni uleule lakini wa rika jingine. Wakipingana usiwasuluhishe. Muulize kijana: nani anaeleza aliyoyashuhudia, na nani anarudia aliyoyasikia?

Hapa mimi huwasimulia habari za Margaret Mead, Mmarekani aliyechunguza tamaduni za watu. Alikwenda Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mwaka 1925, akawahoji wasichana, na mwaka 1928 akachapisha kitabu kuhusu ujana wao. Mwaka 1983 Derek Freeman, mtafiti mwingine wa tamaduni, alitoa kitabu akidai kwamba Mead alikosea. Wasomi wengine nao wakamkosoa Freeman. Usiwatajie mshindi. Waulize wao wangehakikisha vipi.

Hatua ya 6. Kijana amrudie mhojiwa, amsomee safu ya kulia: "Hivi ndivyo nilivyokuelewa. Nimekosea wapi?" Kisha aikunjue ile karatasi ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wanafunzi wangu wote ni wa jamii moja. Nifanyeje?
Wahoji wazee kuhusu ujana wao. Miaka 50 huzaa utamaduni mwingine. Au wamhoji kiziwi anayetumia lugha ya alama, kwa msaada wa mkalimani. Jamii za viziwi zina lugha na desturi zao.

Mwanangu amerudi akisema kila desturi ni sawa tu, hakuna ya kukosolewa. Nimwambie nini?
Mama, usimkatize, muulize: desturi hii inamnufaisha nani, inamuumiza nani, na je, huyo anayeumia amehojiwa? Kuelewa si kuafiki. Kijana aliyekomea kwenye "kila mtu na lake" ameacha kufikiri, sawa na yule aliyeanza na dharau.

Inaruhusiwa kurekodi kwa simu?
Mhojiwa akikubali, ndiyo. Daftari libaki palepale, maana simu haina safu ya kulia.

Binti yangu ana haya sana, akisimama mbele ya mgeni sauti inakauka.
Waende wawili. Mmoja aulize, mwingine aandike, na siku ya pili wabadilishane. Mpe binti daftari kwanza. Wenye haya hawamkati mtu kauli, na mara nyingi safu yao ya kushoto ndiyo hujaa kuliko zote.