Jinsi ya kufundisha vijana wa sekondari kupanga na kupamba chumba, hata kama shule haina kompyuta

Walimu wenzangu, kama umepewa klabu ya stadi za kazi na unataka vijana wa kidato cha pili au cha tatu wajue dizaini ya ndani, nakuomba kitu kimoja, usianze na picha za kwenye simu. Wakishaona zile sebule za Instagram zenye sofa nyeupe na dirisha la ukuta mzima basi, kila mtu atachora hiyo hiyo, na nyumbani kwao ni chumba na sebule ya kupanga. Anza na chumba wanachokijua, futi kumi kwa kumi, wengi wanalala humo.

Tafuta futikamba, hata mbili zinatosha darasa zima wakikaa kwa makundi. Wapime darasa kwanza pamoja, halafu kila mtu akapime chumba chake nyumbani: urefu, upana, kimo, mlango unafungukia upande gani, dirisha linaanzia wapi kutoka sakafuni, soketi na swichi ziko wapi. Soketi wanazisahau sana, mwisho wa siku kabati linaziba soketi pekee ya chumba.

Kisha wachore kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 20 za chumbani. Futi 10 ni sm 305, kwenye karatasi inakuwa sm 15.25, inaenea A4 bila shida. Sasa hapa ndio patamu, wakate fanicha kwenye maboksi ya biskuti kwa skeli hiyo hiyo. Kitanda cha tano kwa sita kinatoka sm 7.6 kwa 9.1, kabati la kina cha sm 60 linakuwa sm 3, wanavisogeza kwa mkono juu ya ramani mpaka vikae. Kuna watakaoona mlango unagonga kitanda, wengine droo haifunguki. Usiwape jibu, waache wahangaike, wape sheria moja tu kwamba njia ya kupita isipungue sm 60. Muda si mrefu mmoja atasema kwa sauti kwamba akichukua kitanda cha nne kwa sita anaongeza futi nzima kwenye njia ya kupita, na huyo ameshaelewa somo lenyewe.

Mapambo yasubiri kidogo. Wakae wawili wawili, mmoja mteja mwingine fundi, fundi aulize: unalala na nani humu, yunifomu unatundika wapi, unasali wapi, unasoma usiku au alfajiri, jiko la gesi liko humo humo? Majibu yaandikwe pembeni ya ramani na kila kitu alichopanga aonyeshe kimetokana na jibu gani. Maksi nyingi mimi naziweka hapa, kuliko kwenye uzuri wa mchoro.

Mwanga na upepo wafuatilie wenyewe, jua linaingia wapi saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Dirisha la magharibi linachemsha chumba jioni kwahiyo pazia zito linaenda huko. Walio pwani wanajua pepo za kaskazi na kusi, waulize wapi wafungue ili upepo uingie huku utokee kule.

Rangi ifundishe kwa hesabu. Chumba hicho hicho chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za kama mita za mraba 33, toa mlango na dirisha zinabaki 30 hivi. Lita moja ya rangi ya emulsheni kwenye ukuta laini inafunika karibu mita za mraba 10, ukipaka mara mbili unahitaji lita 6. Galoni la lita 4 halitoshi, ndoo ya lita 20 ni kumwaga hela, kwahiyo magaloni mawili, na wapige hesabu kwa bei ya dukani kwao.

Ukitaka kuwaonyesha watu waliotatua chumba chembamba zamani sana, waonyeshe nyumba za kale za Lamu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki mbali, ndio maana vyumba ni virefu na vyembamba, na badala ya kujaza makabati walitengeneza zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta, vyombo vinakaa humo na sakafu inabaki wazi. Waulize vijana, kwenye chumba chako ukuta gani haufanyi kazi yoyote?

Mwishoni mwiteni fundi seremala wa mtaani aangalie ramani zao na aseme kipi kinatengenezeka na kwa bei gani. Halafu mzazi akiruhusu, wikiendi moja kijana ahamishe kitanda kweli kama alivyochora, akae hivyo wiki mbili, aje aeleze nini kimebaki pale na nini mama amekirudisha na kwa nini.