Jinsi ya kusoma alama za darasa pamoja na takwimu za wanafunzi: mwongozo kwa walimu wa shule za msingi za umma, Nairobi

Walimu wenzangu, kila muhula tunabandika wastani wa darasa ofisini, kisha mkutano mzima unaishia kumuuliza mwalimu mmoja kwa nini ameshuka. Wastani peke yake haujibu swali hilo. Hapa Nairobi, darasa unaloanza nalo Januari si lile unalofunga nalo mwaka. Kodi ya nyumba ikipanda, familia inahama mwisho wa mwezi. Mafuriko ya 2024 na ubomoaji uliofuata kando ya mito viliwang'oa watu wengi katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, pamoja na watoto wao. Kwa hiyo kabla sijamlaumu mwalimu wala mtoto, nataka kujua mambo mawili: mtoto huyu aliingia lini, na amekuwa darasani kwa kiasi gani.

Utahitaji rejista ya mahudhurio, kitabu cha usajili, alama, na kompyuta yenye Excel. Kwa darasa moja, hata karatasi ya miraba inatosha.

Hatua ya 1: Tengeneza jedwali

Kila mtoto apate mstari wake. Tumia namba ya usajili ya shule badala ya jina. UPI (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa serikali) usiitegemee, maana asiye na cheti cha kuzaliwa huenda hana, na mara nyingi huyo ndiye unayemtafuta. Weka jinsia, mwaka wa kuzaliwa, mwezi na mwaka aliojiunga, shule alikotoka, mahitaji maalum, lugha anayozungumza nyumbani, mahudhurio, na alama.

Kabila usiliweke. Halitakusaidia kupanga hata kipindi kimoja, na likishaandikwa litasomwa siku moja na mtu asiyestahili kulisoma.

Jedwali hili pia halipaswi kuzunguka kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu shule pia; mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hatua ya 2: Hesabu mahudhurio

Gawanya siku alizohudhuria kwa siku ambazo shule ilikuwa wazi *tangu ajiunge*. Ukigawanya kwa siku zote za muhula, mtoto aliyefika katikati ya muhula ataonekana mtoro ilhali hajakosa hata siku moja.

Hatua ya 3: Chagua alama zinazolingana

KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 ilianza 2022. Usichore mstari mmoja unaounganisha alama za KCPE, zilizokuwa juu ya 500, na matokeo ya KPSEA. Kwa viwango vya CBC, yaani mtaala wa umilisi (kuzidisha, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio), hesabu watoto walio katika kila kiwango, usitafute wastani wa viwango. Wastani ni wa majaribio ya darasani yenye alama juu ya 100.

Hatua ya 4: Ligawe darasa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tufanye mfano. Tuseme Gredi ya 6 mwaka 2025 ina wanafunzi 60, na wastani wa Hisabati ni 52. Mwaka wa kujiunga uko safuwima ya D, alama ziko H. Andika:

=AVERAGEIFS(H:H,D:D,"<2024")

Hao ni waliokuwepo kabla ya Gredi ya 5. Badilisha sharti liwe ">=2024" upate waliokuja baadaye. Tuseme wakongwe ni 42, wastani wao 58. Wageni ni 18, wastani wao 38. Sasa swali limebadilika. Mwalimu aliyekaa na watoto tangu mwanzo anafanya kazi inayoonekana.

Usisimame hapo, maana ni rahisi sana kusema "wageni ndio wanatushusha" na kufunga daftari. Wagawe hao 18 kwa mahudhurio. Waliofikisha asilimia 90 ni 12, wastani 43. Waliobaki ni sita, wastani 28. Wale 12 wanahitaji kufundishwa walichokikosa huko walikotoka, labda sehemu na desimali. Wale sita wanahitaji kwanza kufika shuleni.

Hatua ya 5: Rudi kwenye rejista

Fungua kurasa za wale sita uangalie siku wanazokosa. Ni siku za mvua? Ni siku mama anapoenda sokoni alfajiri na kumwachia mkubwa mdogo wake? Uliza pia kama mgeni ameshapata bangili ya Dishi na County, mpango wa chakula ulioanza 2023 ambapo mzazi hulipia mlo shilingi 5. Maswali haya muulize mzazi ana kwa ana, kwa heshima, na si mbele ya wazazi wengine.

Jinsia na umri vipitie kwa njia ile ile. Umri uangalie hasa kwa aliyezidi wenzake miaka miwili au zaidi.

Hatua ya 6: Wasilisha

Kundi likiwa na watoto chini ya 10, usiseme asilimia mbele ya bodi au wazazi. Watu watawatambua watoto hao papo hapo. Sema "wachache", kisha eleza mtakachofanya.

Mwisho wa muhula unaofuata, rudia hesabu kwa makundi yale yale. Aliyehama usimfute: mwandikie tarehe ya kuondoka, umwache kwenye jedwali, na ulinganishe wale tu waliofanya majaribio yote mawili. Ukiwafuta walioondoka na kulinganisha wastani wa darasa zima, wastani unaweza kupanda bila mtoto hata mmoja kuongeza alama.