Somo: Kukokotoa kiwango cha ushiriki katika nguvukazi

Kiwango hiki ni asilimia ya watu wa umri wa kufanya kazi ambao wana kazi au wanaitafuta. Kugawanya ni kazi ya kikokotoo. Ugumu uko katika kuwapanga watu, nani aingie kundi gani, na hapo ndipo wengi huteleza. Tuchukue ploti ya kubuni pale Umoja yenye wakazi 120.

Hatua ya 1: Watoe wasio wa umri wa kufanya kazi. KNBS, shirika letu la takwimu, kwenye ripoti zake za robo mwaka huhesabu wa miaka 15 hadi 64. Ploti ina watoto 38 wasiofika 15, na wazee 2 waliopita 64. Wanabaki 80, na hiyo ndiyo namba ya kugawanyia.

Hatua ya 2: Hesabu wenye kazi. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni chepesi kuliko unavyodhani: ukifanya kazi ya malipo au ya faida saa moja tu katika wiki inayoulizwa, umo. Mama mboga yumo. Wa bodaboda yumo. Kijana aliyebeba zege Jumanne, kisha akakosa kibarua siku zote zilizobaki, naye yumo. Tuseme ni 48.

Hatua ya 3: Hesabu wasio na ajira. Masharti ni matatu na yote lazima yatimie: hana kazi, ametafuta ndani ya wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuanza akiitwa. Kusimama alfajiri kwenye geti la kiwanda Industrial Area ni kutafuta. Kumwomba binamu akuulizie kazini kwake ni kutafuta pia. Kukaa nyumbani ukitamani kazi, hapana. Tuseme ni 8.

Hatua ya 4: 48 + 8 = 56. Hiyo ndiyo nguvukazi. 56 ÷ 80 × 100 = 70. Ushiriki ni asilimia 70.

Wale 24 waliobaki, yaani wanafunzi, wagonjwa, mama wa nyumbani na waliokata tamaa, wako nje ya nguvukazi. Hapa mimi huwa nanuna kidogo. Mama anayepika, kufua na kulea kutwa nzima hahesabiwi; akiandika dada wa kazi, dada anahesabiwa. Sufuria ni zilezile.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tunaambiwa ukosefu wa ajira umeshuka. Mbona mtaani hatuoni?

Jibu: Rudi kwenye ploti. Ukosefu wa ajira hugawanywa kwa nguvukazi, si kwa wale 80: 8 ÷ 56 ni asilimia 14.3. Sasa wanne kati ya wale wanane wachoke, waache kutafuta. Nguvukazi inakuwa 52, na ukosefu wa ajira 4 ÷ 52, asilimia 7.7. Umepungua karibu nusu na hakuna aliyepata hata kibarua! Ushiriki ndio unaotoboa siri, maana umeanguka kutoka 70 hadi 65. Ukipewa namba moja, dai na ya pili.

Swali: Nyanya yangu, miaka 60, yuko Murang'a. Analima mahindi ya kula nyumbani tu. Yumo?

Jibu: Kwa azimio la wanatakwimu wa kazi lililopitishwa Geneva mwaka 2013, kulima hasa kwa chakula cha nyumbani ni kazi, lakini si ajira. Kama hatafuti kingine, yuko nje. Akiwa analima hasa kwa ajili ya soko, anaingia.

Swali: Naweza kulinganisha kiwango chetu na cha Marekani?

Jibu: Si moja kwa moja. Wao huanzia miaka 16, hawana kikomo cha juu, na huwaacha nje wanajeshi walio kazini na wafungwa. Wastaafu wakiwa wengi, kiwango chao hushuka. Hakikisha kwanza umri ni mmoja pande zote.

Swali: Na mwanafunzi wa chuo anayeuza mitumba Gikomba Jumamosi?

Jibu: Yumo. Katika kupanga, kazi hutangulia masomo.