Kutafuta protini yenye tagi ya His kwa antibodi, usiiamini bendi upesi

Kabla hujatoa kitu frijini fahamu hili: antibodi ya His (protini ya kinga inayonasa shabaha yake) haiijui protini yako, inazijua zile histidini sita, asidi amino ulizoibandika mkiani kama tagi, basi. Kwa hiyo chengine chochote chenye histidini nyingi ndani ya E. coli, bakteria wanaokutengenezea protini, nacho kinaweza kung'ara ukafurahi bure.

Hatua 1: jeli, ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Tia sampuli tatu, bakteria kabla ya IPTG (dawa ya kuwaamrisha watengeneze protini yako), bakteria baada ya IPTG, na protini nyengine yenye tagi ambayo ushaijaribu ikakubali. Mie zamani hii ya kabla naiona inanimalizia vishimo vya jeli tu, nikakaa wiki nzima najisifu na bendi yangu, kuja kuiweka ya kabla, loo, bendi ile ile, pale pale.

Hatua 2: hamishia protini kwenye karatasi ya nitroselulosi, volti 100 saa moja, na tangi likae kwenye beseni la barafu maana kaskazi ikipamba moto hapa Unguja bafa inachemka kama ya chai. Halafu karatasi ipake Ponsoo, rangi nyekundu inayoonesha protini. Huoni mistari myekundu? Simama hapo hapo, usipoteze antibodi, yenyewe ghali na inatoka nje.

Hatua 3: maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5 ndani ya TBST (bafa ya chumvi yenye sabuni kidogo), saa moja, kuziba nafasi tupu za karatasi. Yale mazito ya kutilia chai waachie wa nyumbani.

Hatua 4: antibodi ya kwanza 1:2000, yaani mikrolita 5 kwenye mililita 10, usiku kucha nyuzi 4 inatikiswa polepole. Chupa ya antibodi igawe vichupa vidogo vidogo siku ile ile ilipofika, umeme wetu tunaujua, aliyekuwepo kile kiza cha miezi mitatu cha 2009 kuingia 2010 hahitaji kuelezwa.

Hatua 5: osha mara tatu dakika 10 10, tia antibodi ya pili, inayoishika ile ya kwanza, yenye HRP (kimeng'enya cha kutolea mwanga) saa moja, osha tena. Bafa yenye sodiamu azaidi, dawa ya kuzuia vijidudu, isisogee hapa, inaizima HRP.

Hatua 6: ECL, dawa inayotoa mwanga ikikutana na HRP, piga picha sekunde 30 kwanza, hafifu ongeza.

Sasa Kumasi, rangi ya kupaka jeli, inaonesha protini nene na antibodi haioni kitu? Usikimbilie kusema tagi imejificha, kwenye SDS, sabuni ya ndani ya jeli, protini ishakunjuka yote. Kama tagi iko mwisho wa protini rudi kwenye praima zako (vipande vya DNA ulivyonakilia jini), mara nyingi mtu kaiacha kodoni ya kusimamisha ya jini lenyewe, ribosomu ikashuka kabla haijafika kwenye histidini.