Vichapati vya mboga kwa mtoto anayetema mchicha

Mwanao wa mwaka mmoja na nusu akitema mchicha, mfichie kwenye vichapati. Kwaruza karoti moja na kipande cha boga, kisha kamua maji yake kwa mkono, tena kwa nguvu. Wengi wanakosea hapo: mboga zikibaki na maji, vichapati vinameguka kikaangoni, unaongeza unga, mwishowe vinakuwa vigumu kama soli. Changanya na mchicha uliokatwa vidogo sana, yai 1 na vijiko 3 vya unga wa dengu. Chumvi kiduchu, pilipili acha kabisa. Mafuta kidogo, moto mdogo, uvibonyeze viwe vyembamba ili yai liive hadi ndani. Vikate virefu kama kidole, ashike mwenyewe. Wangu anavipenda vikiwa vimepoa, sijui kwa nini.