Kijana Anapotaka Kwenda Misheni: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Mzazi wa Mikindani au Nachingwea ambaye mwanawe amejiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, huenda akashtuka siku atakapoambiwa kwamba kijana anataka kuacha masomo na kazi ili akahubiri. Ninamsihi mzazi huyo aulize sababu kabla ya kuuliza nauli, kwa kuwa sababu ndiyo itakayomshikilia kijana atakapokuwa mbali na nyumbani.

Mketishe na umsikilize hadi amalize. Atakutajia agizo la Mathayo 28:19, la kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, na huenda akaongeza Marko 6:7, ambapo Yesu aliwatuma mitume wawili wawili. Ndiyo maana wamisionari hawa hutembea na mwenzi daima. Kanisa lao, lililoanzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, hufundisha kwamba injili imerejeshwa duniani na ni lazima imfikie kila mtu. Kwa mvulana utumishi huo huhesabiwa kuwa wajibu wa ukuhani, ambao katika kanisa hili hupewa wanaume waumini wa kawaida; msichana hukaribishwa, lakini halazimiki. Ikiwa sababu yake kubwa ni kuiona Marekani, au kuogopa kusemwa na wenzake, mshauri asubiri.

Bibi na babu wataelewa zaidi ukiwakumbusha jando na unyago, ambapo kijana hutengwa na nyumbani, hufundishwa, kisha hurudi akiwa na nafasi nyingine mbele ya watu. Hata hivyo usiufikishe mbali mno mfano huo, kwa sababu misheni ni ya hiari, na mtu aliyesukumwa hawezi kumshuhudia mwingine kwa moyo mweupe.

Mweleze wazi kwamba mahali hachagui yeye. Wito hutoka kwa viongozi wakuu wa kanisa, na unaweza kumpeleka nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari, au kumbakiza humu humu Afrika. Ipo pia misheni ya huduma, ambayo kijana huifanya akiishi kwao huku akisaidia mashirika ya hisani na shughuli za kanisa, na mara nyingi huwafaa wale ambao afya yao hairuhusu kuhubiri kutwa. Hiyo nayo ni misheni kamili, wala asiionee haya. Wavulana hutumikia miezi 24 na wasichana miezi 18. Tangu Oktoba 2012 mvulana huruhusiwa kuanza akiwa na miaka 18, badala ya 19.

Maandalizi yaanze mapema. Kijana huzungumza na askofu wake, yaani kiongozi wa kusanyiko lake la mtaani, au rais wa tawi ikiwa kusanyiko ni dogo, kuhusu imani na mwenendo wake, na huyo ndiye atakayemwongoza katika kujaza fomu. Hupimwa mwili na meno, na akitumwa nje atahitaji pasipoti, kwa hiyo namba ya NIDA isisubiri siku za mwisho. Azoee pia kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kujipikia na kufua.

Fedha huleta ugomvi isipozungumzwa. Wamisionari hawalipwi mshahara. Wao na familia zao huchangia gharama, na asiyeweza kutimiza kiasi chote husaidiwa na mfuko wa kanisa. Mwambieni askofu ukweli wa kipato chenu, pamoja na kwamba fedha ya korosho huingia kwa msimu na si kila mwezi, na msiuze shamba kwa ajili ya jambo hili.

Tangu Februari 2019 mmisionari anaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, katika siku yake ya maandalizi, yaani siku ya wiki ya kufua na kununua mahitaji. Amueni ni simu ya nani atakayoipiga, na mtampataje kiongozi wake wa misheni iwapo msiba utatokea. Namba hiyo iandikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuiona.